Uliza Anko: Afisa forodha anaruhusiwa kunipekua mpaka wapi?

Wiki mbili hizi meseji zenu karibu zote ni za mpakani na eapoti, nadhani ni kwa sababu watu wengi wametoka safari kwa pamoja alafu kila mtu amerudi na lake. Nimechagua nne. Zingine zinafanana na hizi, kwahiyo usinune ukiona yako haipo. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nimekula chumvi nyingi kwenye klearing, nimefukuzia makaratasi ya mizigo toka enzi za kubeba faili kwapani, kwahiyo ninayosema hapa ni ya mtu aliyesimama upande wenu wa kaunta, sio upande wao.

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ni mama wa Kariakoo, nauza madera na mapazia, China naenda mara mbili tatu kwa mwaka. Safari iliyopita nimeshuka usiku wa saa nane, mabegi yamepita kwenye skana, wamefungua moja wakaangalia wakafunga. Nikajua nimemaliza. Kijana mmoja akaniambia mama ingia chumba kile tukupekue mwilini. Nikamuuliza kwanini, akasema ni utaratibu. Nilikuwa nimechoka nikaingia, akaja dada mmoja akanipapasa mpaka kwenye sidiria, hawakukuta kitu, hata samahani hamna. Hii ni sheria au ni kiburi? Na ningekataa ingekuwaje?

JIBU: Marahaba mama, pole sana, saa nane ya usiku na miguu imevimba na ndege alafu unaambiwa ingia chumba kile, inauma.

Sasa ngoja tuanze na sheria yenyewe maana watu wengi wanadhani maafisa wanafanya tu wanavyojisikia. Forodha ya Tanzania inaendeshwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, imeanza kazi Januari 2005. Ni sheria moja, sio ya Tanzania peke yake, Kenya na Uganda ni hiyohiyo, kwahiyo ukipekuliwa Namanga uwe unaingia au unatoka unaongelea kitabu kimoja. (Tunduma ukivuka Nakonde ni habari nyingine, Zambia hawamo kwenye Jumuiya.)

Kwenye sheria hiyo begi ni jambo moja na mwili ni jambo jingine kabisa, na hapa ndo watu wanachanganya. Ukiingia nchini au ukitoka, afisa akikuuliza umebeba nini unatakiwa umjibu yote na hapohapo, akisema leta begi unalileta, akisema fungua unafungua. Kwa begi hahitaji kukushuku, hahitaji kibali cha mahakama, hahitaji kukupa sababu. Kukataa kufungua begi ni kosa lenyewe hata kama ndani kuna kanga tupu. Kwahiyo mama kwa yale mabegi hawakukukosea.

Mwili sasa. Kifungu cha 155 kinasema afisa anaweza kumpekua mtu akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mtu huyo ana bidhaa ambazo hazijapita forodha inavyotakiwa, iwe kajifunga mwilini au iwe kwenye mzigo. Sababu za msingi! Yaani kitu ambacho akiulizwa kesho anaweza kukisema kwa mdomo wake: skana imeonyesha kitu kiunoni, umejibu hivi na karatasi inasema vile, kuna taarifa imeletwa, umevaa koti la baridi Dar mwezi wa pili. "Ni utaratibu" sio sababu. Utaratibu ni jina la kitu ambacho mtu hajisumbui kukieleza.

Na mwanamke anapekuliwa na mwanamke. Hilo limeandikwa wazi kwenye kifungu hichohicho, na hata sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema hivyo na inaongeza kwamba ifanyike kwa staha. Kwako alikuja dada, sawa, hapo walifuata.

Ila kuna kitu ambacho nakuambia kwa uhakika hukuambiwa na mimi kwa miaka yote niliyokaa kwenye hii kazi sijawahi kuona kimebandikwa ukutani. Afisa akishakwambia anataka kukupekua mwilini, una haki ya kusema: naomba kwanza nipelekwe kwa hakimu, au kwa Kamishna wa forodha, au kwa afisa mkubwa mwenye mamlaka. Na ukisema hivyo anatakiwa akupeleke. Na yule mkubwa akiona hakuna sababu ya maana, anaamuru usipekuliwe, basi, unaondoka na mabegi yako. Ukiangalia vizuri sheria haijakwambia ukatae. Imekwambia uombe mtu wa pili asikilize sababu. Ni tofauti kubwa, maana ukikataa kwa kusukumana umefanya kosa la kumzuia afisa kazi yake, ila ukiomba mkubwa umetumia haki yako na hakuna wa kukulaumu.

Nimeiona ikifanya kazi mara moja tu, mpaka mmoja hivi sitautaja. Bibi mmoja alikuwa na ndoo ya rangi, ile nyeupe ya lita ishirini, imejaa dagaa mpaka juu imefunikwa na mfuko wa sandarusi na kamba ya katani, na pembeni vitenge vitatu amevikunja vimekuwa kama mto. Ndoo wameichokonoa na fimbo mpaka chini, dagaa wanamwagika sakafuni, bibi anawaokota mmoja mmoja anarudisha wala hasemi kitu. Vitenge wamevikunjua wamevitikisa. Hamna. Kijana akasema sasa huyu aingie ndani apekuliwe. Bibi akanyanyuka akafuta mikono kwenye kanga akasema taratibu, "Mwanangu, nipeleke kwa mkubwa wako." Sijui alijulia wapi. Mkubwa wa zamu akaja na kikombe chake cha chai akauliza swali moja tu, umemshuku kwa nini? Kijana akaanza unajua afande, unajua afande... Mkubwa akamgeukia bibi akasema mama nenda. Dagaa waliobaki sakafuni kijana ndo aliwaokota.

Kwahiyo mama safari ijayo usipandishe sauti, usimwite mtu mwanangu kama unamtukana (wanajua ile toni), sema tu kwa adabu kwamba upo tayari ila unaomba kwanza umuone mkubwa wa zamu. Uwe umejiandaa kusubiri lakini, usiku wa saa nane hakimu hayupo na mkubwa anaweza kuwa amelala. Na kama kweli una simu kumi na mbili kiunoni basi mama yangu haki hiyo haitakusaidia, maana mkubwa akiiona ile kona ya boksi inachungulia kwenye dera sababu ya msingi imeshapatikana.

SWALI: Habari Anko, nina stoo ya vifaa vya umeme mitaa ya kati pale. Wamekuja watu watatu saa kumi na moja jioni wanasema forodha, wanataka kuingia kukagua mzigo. Nikawaambia leteni kibali cha mahakama, wakacheka. Wameingia, wamechukua katoni tisa za nyaya, wameondoka nazo. Nilijua upekuzi wa forodha ni mpakani tu, Kariakoo kuna mpaka gani?

JIBU: Mpaka wa forodha unatembea na mzigo kaka. Ushuru ukiwa haujalipwa, mzigo unabaki na mkia wake hata ukiufikisha Mbagala.

Wamecheka kwa sababu wanaijua sheria, japo kucheka sio kistaarabu. Kifungu cha 157 kinawaruhusu wakiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba ndani kuna bidhaa za magendo au nyaraka zake, waingie na kupekua mchana au usiku, na ukiwazuia wanaruhusiwa kuvunja mlango. Kibali cha hakimu kipo pia kwenye kifungu kinachofuata, afisa anaapa mbele ya hakimu anapewa, lakini ni njia mojawapo, hawalazimiki kuipitia. Na usiwaambie leteni polisi, sheria inawapa maafisa wa forodha mamlaka yaleyale ya polisi wanapofanya kazi hiyo. Barabarani vilevile, wakikushuku wanasimamisha gari na kulipekua, ndo maana basi la kutoka Namanga linaweza kukaguliwa tena mbele huko mkiwa mmeshasinzia.

Mimi binafsi naona hapa sheria imewapa kamba ndefu mno. Mpakani naelewa, mtu anapita mara moja akishapita kapotea. Ila stoo haina miguu, imekaa palepale, hakimu wa mahakama ya Kisutu yupo, kwanini usiende kuapa kwanza? Katiba yetu ibara ya 16 inasema mtu anastahili kuheshimiwa na kulindiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na maskani yake, alafu hiyohiyo inaiachia sheria iweke utaratibu wa lini hilo linaweza kuingiliwa. Sasa mlango huo ndo wanapitia.

Haya tuache malalamiko, wewe una katoni tisa nje na saa inakwenda. Ulikuwepo wakati wanachukua? Kama ulikuwepo sikiliza vizuri sana. Mzigo ukikamatwa mwenyewe hayupo, wanatakiwa ndani ya mwezi mmoja wakuandikie kwamba wamekamata na kwanini. Ukikamatwa mbele ya macho yako HAKUNA barua, wewe umeshajua. Na una mwezi mmoja wa kumwandikia Kamishna kwamba mali ni yako na unaidai. Watu wanakaa wanasubiri barua ambayo haiji, wanazunguka na simu kumpigia nani sijui wa pale ndani, mwezi unakatika, mzigo unahesabika umetaifishwa na mtu anaanza kulia kwamba ameonewa. Nimeona mtu amepoteza mzigo ambao karatasi zake zote alikuwa nazo kwenye droo, kwa sababu tu alingoja barua.

Kwahiyo leo andika. Ambatanisha hati ya forodha, risiti za malipo, ankara, hata kama ulinunua kwa mtu hapohapo Kariakoo leta risiti ya mashine ya EFD ya huyo mtu. Peleka nakala mbili, wagonge muhuri kwenye yako na tarehe. Na kama hawakukuachia karatasi ya kilichochukuliwa, kaidai, maana ukipekuliwa na kunyang'anywa kitu unatakiwa upewe hati inayoorodhesha, idadi na aina. Katoni tisa zisije zikafika kule zikawa saba.

Uamuzi ukitoka na hujaridhika, una siku 30 kumwandikia Kamishna aupitie upya, naye ana siku 30 za kukujibu. Bado hujaridhika, una siku 45 kwenda kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Sio mbinguni kule, ni ofisi, watu wanakwenda.

Ila na mimi nikuulize kaka, hizo nyaya zina karatasi? Hujasema kwenye meseji. Kama hazina, kosa la kukutwa na mzigo ambao haujalipiwa ushuru linaweza kukufikisha jela hadi miaka mitano au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Hapo usije kwa Anko, nenda kwa wakili.

SWALI: Anko mambo, mimi nimetoka Zenji na boti, nimenunua TV inchi 55 Darajani, nimefika bandarini Dar nimeambiwa nikalipie. Zanzibar ni nchi ya nje? Wana haki ya kunifungulia boksi?

JIBU: Hahaha hili swali lina umri kuliko wewe. Boksi wana haki ya kulifungua. Zanzibar sio nchi ya nje kwa maana ya pasipoti, ila kwa maana ya kodi kuna mambo mawili matatu, kule wana sheria yao ya VAT na mamlaka yao ya mapato, huku bara VAT ni asilimia 18, na thamani ya mzigo wa nje ilivyokadiriwa kule mara nyingi ilikuwa chini. Ndo maana lugha ya pale ni "lipa tofauti", hawakutozi upya toka mwanzo, unalipa pengo. Sasa hiyo tofauti inategemea unaweza kuonyesha kule kililipwa nini, na wewe TV umenunua kwa mshkaji bila risiti sio? Bila risiti hakuna pengo la kuhesabu, wanakadiria wao, na wakikadiria wao huwa hawakadirii kwa huruma.

Na usimpe mtu kitu kidogo akupitishe mlango wa pembeni. Atakayetoa na atakayepokea wote wana kosa. Akikuomba, TAKUKURU ni 113 na ni bure.

SWALI: Shikamoo Anko. Mpwa wangu anasoma Marekani, anarudi chuo mwezi ujao baada ya likizo hapa Dar. Mwenzake aliambiwa uwanjani kule atoe nywila ya simu, wakakaa nayo saa nzima wanasoma. Wanaruhusiwa? Na hapa kwetu je wanaweza kuniomba simu?

JIBU: Marahaba. Wanaruhusiwa, kwa kiasi kikubwa kuliko unavyodhani, na wanatumia mamlaka ya zamani sana. Nchi yao ina kipengele cha katiba kinachokataza kupekua watu ovyo bila kibali, lakini sheria yao ya kwanza ya forodha ya 1789 ilishawapa maafisa ruhusa ya kupekua meli bila kibali, na toka hapo mahakama zao zimekuwa zikisema mpakani ni habari nyingine. Mwaka 1977 kulikuwa na kesi ya barua nene zimetoka Thailand, afisa wa posta ya forodha New York akazipapasa akahisi kuna kitu, akafungua, kumbe ni heroini, mahakama yao ya juu kabisa ikasema sawa, kupekua mpakani kunakubalika kwa sababu tu ni mpakani. Mwaka 1985 ikaja kesi ya mama aliyetoka Bogotá kushuka Los Angeles, wakamshikilia zaidi ya saa kumi na sita, wakamkuta amemeza vifuko 88 vya kokeini. Mahakama ikasema kumshikilia mtu namna ile inahitajika shaka yenye sababu, na kwa yule mama ilikuwepo. Yaani hata kule ule mstari kati ya begi na mwili upo, kila nchi imeuchora kwa wino wake.

Simu ndo imewachanganya. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ilisema polisi akikukamata hawezi kusoma simu yako bila kibali, maana simu ina maisha yako yote ndani, lakini kesi ile haikuwa ya mpakani. Kwahiyo forodha yao inafuata mwongozo wake wa mwaka 2018: afisa anaweza kupekua simu kwa mkono, kuscroll picha na meseji, bila hata kukushuku. Akitaka kuichomeka kwenye mashine inyonye kila kitu, hapo ndo anatakiwa awe na shaka yenye sababu au jambo la usalama wa taifa, na mkubwa wake aidhinishe. Na anatakiwa asome vilivyomo ndani ya simu tu, intaneti imezimwa, sio vilivyo kwenye akaunti huko hewani.

Mpwa wako akikataa kutoa nywila, simu wanaweza kubaki nayo, na yeye kwa kuwa ana viza ya mwanafunzi, sio raia, wanaweza kumrudisha. Raia wao hawawezi kumnyima kuingia kwao. Hiyo ndo nguvu yenyewe, hawana haja ya kumlazimisha. Mwambie asiende kubishana, na asibebe kwenye simu kitu ambacho hataki mtu asiyemjua akisome. Magrupu ya WhatsApp ya wajomba na vichekesho vyao atoke kabla ya kupanda ndege, atarudi akifika.

Hapa kwetu, sheria ya forodha inaongelea bidhaa na nyaraka za bidhaa. Wewe ukiwa mfanyabiashara na ankara yako halisi ipo kwenye WeChat ya yule mchina, na ile uliyoitoa kaunta ina bei nusu, afisa akidai nyaraka za mzigo ana haki ya kuzidai hata kama zimo kwenye simu. Toa hizo, shika simu mwenyewe, muonyeshe ankara. Picha za kitchen pati ya dada yako sio nyaraka za mzigo.

Ah, na mwambie mpwa wako akibeba dola taslimu kuanzia elfu kumi, zake au za kutumwa, azitaje hapa kabla ya kuondoka na kule akifika pia kama zimezidi hizo. Kutaja hakukatwi hata senti. Kutotaja ndo zinabaki kwao.